Upande wa Ndiyo

Saa nne na dakika arobaini asubuhi, Jumanne, majibu ya wiki mbili yalifika kwenye kompyuta yangu mjini Tamale. Wanawake wajawazito arobaini na mmoja, maswali tisa kwa kila mmoja. Majibu mia tatu sitini na tisa, na yote yalikuwa Hapana.

Niliyahesabu mara mbili. Kisha nikachukua kishikwambi cha akiba na kubonyeza kitufe cha Ndiyo mara ishirini. Kiliitikia mara ishirini. Kioo hakikuwa na kasoro.

Programu hiyo niliibuni mimi. Mama Katumi, mhudumu wa afya wa kujitolea katika kijiji cha Gbanzaa, alikuwa akipita nayo nyumba kwa nyumba. Mwanamke anakishika kishikwambi kwa mikono miwili kama anavyoshika sinia, na sauti inamuuliza kwa Kidagbani: kichwa kinakuuma? Unaona ukungu? Miguu imevimba? Chini ya dole gumba la kushoto kuna Ndiyo, chini ya dole gumba la kulia kuna Hapana. Mikono haiondoki mahali pake, kwa hiyo mama mkwe aliyeketi pembeni hawezi kujua kilichojibiwa. Nilijivunia sana jambo hilo. Anayejibu Ndiyo hata mara moja anaitwa kliniki kupimwa presha. Anayejibu Hapana haitwi.

Sauti ilikuwa ya Sista Azara, mkunga wa kliniki ile kwa miaka kumi na tisa. Nilimpigia simu.

"Hakuna hata mmoja?" aliuliza.

"Hakuna, Sista."

"Wajawazito arobaini na mmoja, na vumbi hili la upepo wa harmatani, hakuna anayeumwa kichwa? Mimi sina mimba, Wumbei, na changu kinatwanga tangu Ijumaa."

"Labda hawaelewi maswali."

"Hawaielewi sauti yangu? Hao wananijua hata nikikohoa. Panda pikipiki uende kwa Katumi. Na usimfundishe kitu. Mtazame."

Nilifika Gbanzaa saa sita kasoro dakika kumi. Mama Katumi alikuwa uani, akikoroga mafuta ya shea katika sufuria pana, amejifunga kitambaa puani kwa ajili ya moshi. Tulisalimiana kwa urefu unaostahili: nyumba, kazi, usingizi, baridi ya alfajiri. Kofia ya pikipiki ilikuwa katika mkono wangu wa kulia. Nikamnyooshea kishikwambi kwa wa kushoto.

Hakukipokea. Aliendelea kukoroga, na mkono wangu ukabaki hewani.

"Mama, pokea."

"Nipokee nini? Sijaona mtu akinipa kitu."

Niliweka kofia chini, nikahamisha mkono, nikaomba radhi.

"Haya," alisema, akifuta vidole kwenye kanga. "Sasa naona mtu aliyelelewa na mama yake."

"Mama, kwa nini wanawake wote wanajibu Hapana?"

"Wewe mtoto wa Tamale, au umetua na ndege?"

"Wa Tamale."

"Basi sikiliza. Sista Azara amekuuliza kwa heshima, mbele ya mama wa mumeo. Utamjibu kwa mkono wa chooni?"

"Lakini ni kitufe tu, Mama. Sista mwenyewe hayupo."

"Sauti yake si ipo? Wengine wanaisalimia kwanza. Mke wa seremala alipiga goti nacho mkononi, kidogo akiangushe."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulinifundisha siku nzima, bwana wa kioo, na picha ukanibandikia ukutani. Uliniuliza lini?"

Sababu ya kosa niliijua kabla hajamaliza kusema. Nilizaliwa natumia mkono wa kushoto. Darasa la kwanza mwalimu aliupiga kwa rula mpaka nikajifunza kuandika kwa wa kulia, na tangu hapo mbele ya watu mimi ni mtu wa kulia. Lakini nikiwa peke yangu na kompyuta hakuna anayenitazama. Nilipopanga vitufe, jibu lililo muhimu zaidi nililiweka chini ya dole gumba ninaloliamini. Mgeni asiyejua desturi yetu angeuliza. Mimi niliijua, kwa hiyo sikuuliza mtu.

"Mama, kati ya hao wote, nani anakutia wasiwasi?"

Hakufikiri. "Sanatu. Mimba yake ina miezi minane. Jumapili alikuja kisimani na ndara za mumewe; zake hazimwingii."

Nilitafuta jina kwenye orodha. Sanatu, Hapana tisa. Hakuitwa kliniki.

Mama Katumi alivuta kuni kutoka chini ya sufuria, akatangulia.

Tulimkuta Sanatu ameketi kivulini na mama mkwe wake, wakichambua karanga. Uso wake ulikuwa mpana kuliko inavyopasa kwa mtu mwenye shingo ile nyembamba.

"Sanatu, mwili vipi?" aliuliza Mama Katumi.

"Salama, Mama."

"Salama kabisa?"

"Huyu?" mama mkwe alidakia. "Huyu ana nguvu kunishinda. Jana kasugua masufuria yote, hata yale ya msiba ambayo hatuyagusi. Mimi kwa mimba ya mumewe nililala mkekani miezi miwili, nimeviringika kama boga."

Sanatu alicheka kidogo, akainamia karanga. Mama Katumi alinivuta kando.

"Ukimuuliza kwa mdomo hapa, atakuwa salama mpaka azikwe. Hicho kioo chako kinatengenezeka?"

Niliketi juu ya kinu kilichopinduliwa na kufungua kompyuta. Programu ninayojengea programu nyingine inaniruhusu kushika kitufe kwa kidole, kukivuta na kukiacha ninapotaka. Nilihamisha Ndiyo kulia, nikaiweka juu ya Hapana. Upande wa kushoto niliuacha mtupu, uwe wa kushikia tu.

Mama Katumi alijaribu. "Na mwenye dole fupi? Mimi hii ya juu siifikii."

Niliishusha.

"Na zimebanana. Mtu akitaka ya chini atagusa ya juu."

Nilizitenga. Akajaribu tena mara kumi bila kutazama, akiwa amegeukia banda la mbuzi, na mara zote kumi alipata alichokitaka.

"Haya. Mpe. Kwa mkono wa watu."

Kazi hiyo ilichukua dakika kumi na moja. Ile ya kwanza ilichukua miezi mitano.

Sanatu alikipokea kishikwambi, akakilaza juu ya tumbo. Sauti ya Sista Azara ikaanza. Mama mkwe alikuwa bado anaeleza habari za masufuria. Dole gumba la Sanatu lilisogea mara tisa, na mkono wake mwingine haukutikisika. Majibu yalinifikia papo hapo: kichwa, Ndiyo. Ukungu machoni, Ndiyo. Uvimbe, Ndiyo. Maumivu chini ya mbavu, Ndiyo. Matano yaliyobaki, Hapana.

Nilimwonyesha Mama Katumi. Alisoma, akamgeukia mama mkwe.

"Dada yangu, nakuomba huyu mtoto kwa saa moja. Sista anamtaka kliniki."

"Kuna nini?"

"Tukijua tutakuambia. Njoo nawe, lete na kanga mbili."

Bibi yule aliacha karanga zilivyo, akaenda kuleta kanga. Alikuwa wa kwanza kupanda bajaji ya mizigo tuliyoikodi, akamnyooshea Sanatu mkono.

Saa saba na dakika tano Sista Azara alimpima presha. Ilikuwa 172 kwa 116. Alipima mkono wa pili, ikawa ileile. Alimchoma sindano ya kuzuia kifafa cha mimba huku ameshikilia simu kwa bega, akiita gari la hospitali ya wilaya. Saa nane na dakika kumi Sanatu alikuwa hospitali, pamoja na Sista na mama mkwe. Saa tisa na dakika arobaini na nane mtoto alitolewa kwa upasuaji, msichana wa kilo mbili na gramu mia tatu, akilia. Presha ya mama ilikuwa bado juu, naye alikuwa hajazinduka. Daktari hakutaka kukisia. Alisema tu kwamba presha kama ile haingengoja kesho.

Namshukuru Mama Katumi kwa mambo mawili yanayoweza kuthibitishwa: alizitazama ndara, na hakupokea kishikwambi. Kukipokea kungemgharimu kidogo sana. Watu wengi wangepokea kwa ajili ya ugeni wangu, na mimi ningerudi Tamale kukagua nyaya.

Kwetu shukrani ya siku ileile haitoshi. Mtu hurudi asubuhi inayofuata. Saa moja na dakika tano nilikuwa mlangoni kwake na goro kumi na mbili, kokwa chungu za kutafuna, katika mfuko.

"Mama, nimekuja kushukuru kwa ya jana."

"Naa," aliitikia. Alichagua goro moja, akalichunguza, akalipasua kwa meno. "Unajua mafuta yangu ya jana yaliharibika? Yameganda nusu nusu, kama akili yako."

"Najua. Nashukuru, Mama. Nashukuru sana."

"Nimekusikia." Alitafuna. "Na wale arobaini wengine? Shukuru huku unatembea."

Tulianza nyumba ya kwanza. Yeye aliuliza hali, mimi nilinyoosha kishikwambi kwa mkono wa kulia. Katika nyumba tatu tulipata Ndiyo mbili. Tulikuwa tunaingia ya nne, saa mbili na robo, Sista Azara alipopiga simu kutoka hospitali. Presha ya Sanatu ilikuwa imeshuka hadi 138 kwa 88. Amezinduka, amelitaja jina lake na la mumewe, mtoto amenyonya, na mama mkwe amemlisha uji vijiko sita.