Ishirini na Sita

Nyumbani walimwita Kwanini, na hata majirani walikuwa wameshasahau jina lake la kwenye vyeti. Tangu ajue kuunganisha maneno mawili hakuacha kuuliza: kwa nini mvuke unapanda, kwa nini mjomba anakoroma akivuta pumzi na si akiitoa. Alipoingia chuo cha ualimu, dada yake mkubwa, msusi aliyesukia wateja sebuleni kwao, alicheka hadi kitana kikamponyoka.

"Afadhali," alisema. "Na wewe ukaulizwe, uone utamu wake!"

Kabla ya kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, mkufunzi aliwapa kazi. Kila mmoja ajijengee mtandao wake wa walimu: awatafute kupitia simu, popote walipo, awasome, awaulize, na akiwa na lolote la maana naye atoe.

"Darasani mtajikuta peke yenu," mkufunzi alisema. "Wenzenu watafuteni sasa. Ila sura na majina ya watoto wa watu msiyapeleke huko."

Kwanini aliivamia kazi hiyo kwa pupa. Kila kundi la walimu aliloliona, alijiunga. Haukupita muda simu ikawa haishikiki: maua ya kutakiana asubuhi njema, mtu anauza viatu, wawili wanatoana macho kuhusu mpira.

"Hao walimu wako wanafundisha saa ngapi?" dada yake akauliza, vidole vikiwa kwenye kichwa cha mteja.

Akajitoa kote, akabakiza kundi moja dogo la walimu wa hesabu wa shule za msingi. Humo watu hawakuwa na maneno mengi. Alikuwemo Babu Jedwali, aliyeamini kuwa hakuna ugonjwa wa hesabu usiotibika kwa kukariri majedwali. Alikuwemo pia Mama Chaki, ambaye picha yake ilikuwa kiganja kilichojaa vumbi jeupe, basi. Kwanini alimpenda huyo kwa jinsi alivyojibu swali kwa swali. Akamchora kichwani: mama wa makamo, miwani imeshuka puani, sauti ya upole. Lakini kuandika hakuthubutu. Angewaambia nini watu wa aina ile?

Shuleni alipewa darasa la tatu, chini ya mwalimu wa darasa ambaye watoto walimwita Kengele kwa sauti yake. Siku hiyo Kwanini aliandika ubaoni hamsini na mbili kutoa thelathini na nane. Alipopita kati ya madawati akakuta ishirini na sita. Dawati la pili, ishirini na sita. La nyuma kabisa, karibu na dirisha, ishirini na sita. Jibu ni kumi na nne.

"Wameibiana," Kengele alisema walipokaa ofisini kusahihisha. Hata hakuinua kichwa. "Watoto hawa wana macho marefu kama twiga."

Jambo lile lilimwasha Kwanini. Mtu akibahatisha, hubahatisha lake. Iweje wote wakosee pamoja? Kesho yake akawatawanya, wengine akawatoa barazani, akawapa hesabu nyingine ya namna hiyo: sitini na moja kutoa ishirini na tano. Jibu sahihi ni thelathini na sita. Karibu nusu ya darasa wakaleta arobaini na nne, na baadhi yao walikuwa wametenganishwa na ukuta.

Jioni alikaa kwenye kiti cha wateja, akapiga moyo konde, akaandika kwenye kundi: "Shikamooni walimu. Mimi ni mwanachuo, niko kwenye mazoezi. Watoto wangu wa darasa la tatu wanapata 52 kutoa 38 ni 26. Hawaibiani, nimewatenganisha. Kwa nini wanakosea kosa moja?"

Akaitupa simu kwenye mto kama imemuunguza.

Wa kwanza alikuwa Babu Jedwali: "Hawajui majedwali." Wa pili akaandika kwamba naye atawapa watoto wake hesabu hiyohiyo. Kisha Mama Chaki: "Swali zuri. Wao wenyewe wanasemaje?"

Kwanini aliusoma ujumbe huo mara mbili. Alikuwa amewatenganisha watoto, amewapima, amewachunguza kama punje za mchele kwenye ungo. Kuwauliza, hata!

"Shikamoo Mama," akaandika. "Niwaulizeje?"

"Marahaba. Chagua mmoja. Mwambie akueleze alivyofanya. Usimsahihishe. Ukishikwa na hamu ya kumsahihisha, ng'ata ulimi."

Kesho yake wakati wa mapumziko alimwita msichana wa dawati la dirishani, mtoto wa maneno machache aliyekuwa na mwandiko mzuri kuliko wa Kwanini mwenyewe.

"Hebu nifundishe. Hapa ulifanyaje?"

Mtoto akamtazama kwanza, kuona kama anategwa. "Nilianza na mamoja. Mbili na nane." Akaonyesha kwa kidole. "Nane ndiyo kubwa. Nikatoa mbili. Sita."

Kwanini aliung'ata ulimi kweli. "Kwa nini ulianza na nane, na mbili ndiyo iko juu?"

"Si tunatoa ndogo kwenye kubwa, mwalimu?" Msichana alishangaa kuulizwa jambo lililo wazi kiasi hicho. "Siku zote. Tumesema hivyo tangu darasa la kwanza. Na wewe jana ulisema."

Kweli alisema. Aliisema sentensi ile bila kuifikiria, kama naye alivyoambiwa alipokuwa mdogo. Hakujisikia aibu kwanza. Alijisikia kama mtu aliyefungua saa na kuona magurudumu yanavyozunguka. Mtoto hakubahatisha hata kidogo. Alikuwa na sheria, akaifuata kwa uaminifu mpaka ikamfikisha ishirini na sita.

Aliwaandikia kundi zima maneno ya mtoto, bila jina lake. Majibu yakamiminika. Mwalimu mmoja alisema wa kwake nao wamepata ishirini na sita, na wameeleza vilevile. Mwingine, wa mbali kabisa, alisema anaisikia sentensi hiyo kinywani mwake sasa hivi. Babu Jedwali alikana katakata. Siku iliyofuata akarudi: "Nimewajaribu wangu. Ishirini na sita. Kumbe na mimi nimo."

Mama Chaki alimwomba wazungumze kwa simu, wapange namna ya kuwafundisha watoto kufungua fungu la vijiti kumi wakati mamoja hayatoshi. Simu ilipoita, Kwanini akapokea.

"Shikamoo Mama."

"Habari yako, mwalimu," ikajibu sauti ya kijana wa kiume.

"Samahani, namtafuta Mama Chaki."

"Ndiye mimi. Jina nilipewa na watoto, maana kila siku narudi mweupe kama nimepika maandazi. Nina mwaka wa pili tu kazini."

"Na Shikamoo zangu zote zile!"

"Nilitaka kusema mapema," akacheka, "ila zilikuwa tamu."

Dada yake, aliyekuwa akisikiliza kila neno, alicheka akashindwa kusuka, mteja akabaki na nusu kichwa.

Wiki hiyo darasa lilijaa vijiti na kamba. Watoto walifungua mafungu, wakahesabu, wakabishana. Wengi walifika kumi na nne. Wachache waliendelea kuishikilia sheria yao, na Kwanini aliwarudia mmoja mmoja. Kengele alisimama mlangoni, mikono kifuani, akitazama. Baadaye ofisini aliiomba simu, akasoma mazungumzo yote tangu juu, polepole.

"Huyu babu ana kiburi," alisema. "Lakini karudi." Akairudisha simu. "Sasa waulize watu wako hili. Mdogo wangu anafundisha la nne chumba cha pili. Watoto wake ukiwaambia waandike elfu moja na tano, wanaandika moja, sifuri tatu, halafu tano. Kwa nini?"

Kwanini alikwisha kuanza kuandika. Akasimama, akaweka simu mfukoni.

"Twende tukamuulize mmoja," alisema.

Kengele alitupa jicho kwenye rundo la madaftari mezani, akaliacha hapohapo, akatangulia mlangoni.