Kengele ya Nyongani

Mama Walburga alikuwa akipakua supu ya kabichi, saa sita mchana, Jumanne, mwanawe Korbinian alipolia kama kengele. Mlio ulitoka kwenye nyonga yake ya kushoto, pale daktari wa jeshi alipoacha kipande cha shaba ya kombora kwa kuogopa kukata mshipa. Ulikuwa mlio mzito, na kila mwisho wake ulikwaruza kidogo kama mtu anayekohoa kwa adabu. Mama Walburga akaweka upawa chini, akafanya ishara ya msalaba, akangoja umalizike.

"Huyu ni Ottilia," akasema. "Kula, supu itapoa."

Kijiji kizima kilimjua Ottilia. Alikuwa kengele kubwa ya kanisa, akapata ufa mwaka mmoja wa baridi kali, na ufa huo ndio uliomkohoza. Mwaka wa tatu wa vita serikali ilitaka shaba ya makombora, ikaja kumchukua. Mama Walburga alimsukia taji la maua na matawi ya msonobari, na Bwana Hirschmann, mfanyabiashara wa ng'ombe, akatoa gari lake la farasi bure limpeleke stesheni. Watu walilia siku hiyo kuliko kwenye mazishi mengi. Sasa Ujerumani ilikuwa imeshindwa, Kaizari amekimbilia Uholanzi, viazi ni vya kugombania, na Ottilia amerudi ndani ya Korbinian. Majirani walishukuru. Walioko shambani walianza tena kuweka majembe chini adhuhuri. Mzee Quirin, mpiga kengele aliyekuwa hana kazi tangu Ottilia ashushwe, alikuja na ombi moja tu: kijana akae karibu na dirisha, na dirisha liwe wazi.

"Na baridi hii, Mzee Quirin?"

"Si avae koti, Mama. Watu wa bondeni hawasikii."

Lakini Mama Walburga alikuwa na jambo lake. Alban, mwanawe mdogo, aliuawa na kombora lilelile lililomjeruhi kaka yake. Jeshi lilimwambia ni kombora la Wafaransa.

"Mfaransa kampata wapi Ottilia wetu?" akauliza jioni moja, akimenya viazi.

Korbinian aliinamia kiatu chake. "Lilitoka nyuma, mama. Mizinga yetu. Tulirusha fataki za ishara wasogeze shabaha mbele, tukarusha tena. Hawakusogeza."

"Mizinga ya nani?"

"Ya Kapteni Rautter."

Kapteni Rautter alikuwa mtoto wa nyumba kubwa ya mlimani. Mama Walburga alimfulia mashati tangu akiwa mwanafunzi. Majira ya kuchipua yalipofika Kapteni alikuja mwenyewe nyumbani kwao, kwani ndiye aliyechaguliwa kuhutubia siku ya kufunua jiwe la majina ya waliokufa vitani. Akakaribishwa supu. Saa sita Ottilia akalia. Kapteni akasikiliza mpaka kikohozi cha mwisho, uso ukamwiva.

"Ni yeye," akasema.

"Ndiye. Na ndiye aliyemuua Alban wangu. Sitaki mtu afungwe, Bwana Kapteni. Nataka siku ya jiwe useme alivyokufa. Basi."

Kapteni akaushika mkono wake kwa mikono yake yote miwili. "Nakuapia, Mama Walburga. Nitawataja waliomsaliti. Na Korbinian akae mbele kabisa."

Usiku huo Mama Walburga alilala usingizi ambao hakuwa ameulala tangu vita vianze.

Siku ya jiwe Kapteni alisema kwa ufasaha. Jeshi halikushindwa, alisema. Askari walichomwa kisu mgongoni na wasaliti wa nyumbani, watu walioshiba wakati wenzao wanakufa. "Na wengine tunao hapa hapa," akasema. Macho ya watu yakahama taratibu mpaka kwa Bwana Hirschmann, Myahudi pekee wa kijiji, aliyekuwa amesimama nyuma akilitazama jina la mwanawe Siegmund kwenye jiwe hilohilo. Mama Walburga akangoja. Alidhani Kapteni anazunguka tu, maana wasomi huzunguka. Kisha ikawa saa sita, Ottilia akalia, wanaume wakavua kofia.

"Msikilizeni!" Mama Walburga akapaza sauti. "Mfaransa hakuwa na Ottilia! Alban kauawa na mizinga ya huyu huyu!"

Mzee Quirin akamshika kiwiko kwa upole. "Tunajua, Mama. Tangu siku ya kwanza. Nani hamjui Ottilia?"

"Sasa?"

"Sasa nini? Tutaishi vipi na hilo? Nyamaza, utamharibia kijana. Kapteni kamtafutia kazi."

Ilimuuma kuliko siku aliyoletewa habari ya kifo. Siku ile alikuwa na kijiji kizima cha kulia naye.

Jioni madirisha ya Bwana Hirschmann yalivunjwa yote. Wiki iliyofuata wazee wa kijiji walikubaliana kwamba hakuna haja ya kununua kengele mpya. Kazi aliyotafutiwa Korbinian ilikuwa ya kukaa juu ya mnara wa kanisa, na aliombwa asisafiri.

Vuli ilipoingia, Bwana Hirschmann alihama. Alipakia vyombo kwenye gari lake lilelile la farasi, akapita mbele ya kanisa kukiwa adhuhuri. Huko juu nyonga ya Korbinian ikaanza kulia. Wanaume waliokuwa uwanjani wakavua kofia. Bwana Hirschmann naye akasimamisha farasi, akavua yake.

Mama Walburga akatoka na taji la maua na matawi ya msonobari, akalifunga ubavuni mwa gari.

"Ottilia tulimuaga hivi hivi," akasema.

"Na mmeona alivyorudi," akasema Bwana Hirschmann.

Wakangoja amalize kukohoa. Kisha gari likaondoka, na wanaume wakavaa kofia zao wakaenda kula.