Shimoni, Nyumba ya Tatu

Kabla hakujapambazuka nilisikia kifuniko cha birika kikigongagonga jikoni. Mkwe wangu alikuwa ameamka kunichemshia chai, na wala sikuwa nimemwomba. Alijua nina safari.

Jioni iliyotangulia, jirani yangu wa zamani, tuliyezoea kumwita Mama Kicheko, alinipigia kwa simu ya mkwewe. Nyumba imeuzwa, alisema. Kesho adhuhuri mwanawe anamhamishia mji mwingine. Kama nataka tuonane, niwahi.

"Shuka Kwenye Kengele," akanielekeza, "pita Kwa Mzee Pasi, ukifika Shimoni ni nyumba ya tatu."

"Wee! Unanielekeza mimi? Wanangu wote si nimewazalia hapo?"

Tukacheka, tukaagana.

Nilimwomba dereva wa basi anishushe Kwenye Kengele.

"Kengele gani, bibi?"

Nikamweleza: ya karakana, iliyokuwa ikiita watu kazini. Hakuna abiria aliyeijua. Akanishusha alipodhani panafaa, akanishika mkono mpaka miguu yote miwili ikafika chini.

Karakana haikuwepo. Palikuwa na maghorofa, kuta ndefu, na vibao: Mtaa wa Waridi, Mtaa wa Tausi. Sikuona ua wala ndege. Nikapiga simu, haikupokelewa. Jua lilikuwa limeshapanda.

Binti wa duka la dawa alinipa kiti, akatafuta Shimoni kwenye simu yake.

"Inasema hakuna, bibi."

"Basi simu yako nayo ni mgeni hapa."

Akacheka, akafunga duka, akatoka kuniulizia kwa walinzi. Mmoja hakujua. Mwingine alisema jina kama hilo haliwezi kuwa la huku, huku wanakaa wenye pesa.

Nikamshukuru binti, nikaendelea kutembea. Mbele kidogo fundi wa vigae alikuwa amekaa kivulini, ndoo yake pembeni. Ndipo nikakumbuka kwa nini tulipaita Shimoni. Udongo wa matofali ulichimbwa hapo, na mvua ikinyesha maji yote yaliishia hapo. Nikaacha kuuliza jina.

"Mwanangu, mvua ikinyesha maji ya huku yanakimbilia wapi?"

"Usinitoneshe kidonda, bibi! Nyuma ya lile ghorofa la njano. Kila mvua vigae vinabanduka, kila mvua naitwa mimi. Wenye nyumba wanadhani ninawaroga nipate kazi."

"Nipeleke."

Aliacha ndoo, akanibebea kikapu. Hakuniharakisha.

Nyuma ya ghorofa ilikuwepo ile nyumba ya bati, imebanwa na kuta pande tatu. Lori la mizigo lilikuwa mlangoni, linanguruma. Mama Kicheko alishapandishwa mbele, amefungwa mkanda.

"Mwenzangu! Umechelewa kama bibi harusi!"

"Nimepotea kwetu. Na simu hampokei."

"Imo kwenye makatoni ya sufuria. Tunaisikia inalia, hatujui katoni lipi."

Dereva wa lori alitazama saa, kisha akazima injini, akashuka kukagua kamba. Zilikuwa zimekazwa tayari. Alipomaliza akazikagua tena.

Nilipanda nikakaa kwenye kiti cha dereva, tukashikana mikono. Tukaulizana habari za magoti, za wajukuu, na nani ametangulia. Hakuna aliyelia.

"Huko unakokwenda panaitwaje?"

Mwanawe akalitaja jina kutoka nje. Nikalirudia, Mama Kicheko naye akalirudia, na papo hapo tukawa tumelisahau sote wawili.

"Ni ghorofa ya nne," akasema. "Hilo ndilo ninalolijua."

Dereva alirudi, akasimama mlangoni. Nikashuka taratibu, fundi akinishikilia.

Mama Kicheko akatoa kichwa dirishani.

"Sikiliza. Nikifika nitachungulia nje, nione kuna nini, halafu nipatafutie jina letu. Nitakupigia. Na nikikosa jina, njoo hivyo hivyo, mwenzangu. Njoo unione."