Nyama Isiyo ya Kuliwa

Séphora Mbuyi alikuwa akipika nyama isiyotoka kwa ng'ombe wala mbuzi: maji, jelatini, sukari, mafuta, na chumvi aliyoipima punje kwa punje. Ikiganda, hupitisha umeme kama nyama ya mtu. Ndani yake alizika kifaa kidogo cha moyo kisicho na betri, kinachopokea nguvu kutoka nje bila waya na kuwasha taa yake ndogo. Nyama za kujaribia za kununua hutoka Ulaya, na bei yake usiulize.

Mwaka mzima alipika peke yake jikoni kwake, mtaani Ruashi. Chuo kikuu kilimwahidi kwamba taa ya kifaa ikiwaka Ijumaa, atapewa meza maabarani, katikati ya wenzake. Wengine huota magari. Yeye aliota mtu wa kumwamkia asubuhi. Upweke ulimtafuna hasa. Siku nyingine aliongea na sufuria, nayo, kwa adabu yake, ikamsikiliza.

Alhamisi bomba likakauka. Aliacha sufuria ikipoa, akaenda kuchota maji kisimani. Aliporudi akaimimina nyama yake koponi, akazika kifaa, akaisubiri igande.

Ijumaa taa ikakataa katakata. Profesa Lucien wa chuo akaipima nyama: chumvi mara tano ya ile iliyoandikwa, nayo ilikuwa imemeza nguvu yote kabla haijafika kwenye kifaa.

"Mademoiselle, hii ni bipimo gani? Tutaona mwaka unaokuya."

Alirudi nyumbani akijiona mjinga kuliko wajinga wote. Mlangoni alimkuta Mama Kapya, jirani aliyehamia mwezi uliopita.

"Mutoto yangu, balikula? Balipenda?"

"Nani, mama?"

"Bale bageni bako! Jana nilipita, nikakuta nyungu kubwa ya bageni jikoni, hakuna muntu. Nikaonja. Ah! Haina munyu hata kidogo! Nikakutilia. Uko peke yako, maskini, hauna muntu wa kukuonjea."

Hasira ilimpanda Séphora. Mwaka mzima umekwenda na maji, kwa kiganja cha chumvi! Lakini alimtazama mama yule, aliyesimama akingoja kusifiwa, akajua kwamba akimwambia kweli, hatakanyaga tena pale. Na katika mwaka ule wote, hakuna mwingine aliyeingia jikoni mwake.

"Balipenda sana, mama," akasema, machozi yakimlenga. "Kesho kuya tena."

Kesho yake alibandika sufuria mbili: moja ya nyama ya kifaa, akaifungia chumbani, nyingine ya maharagwe, bila chumvi, akaiacha jikoni, mlango wazi.