Teke la Mzee Tatsuhei

Michiyo ndiye aliyechora wapiganaji wa ule mchezo wa video wa karate wa mashine za sarafu uliojaza kumbi za Osaka mwaka ule. Teke lililowavutia watu alilitoa kwa baba yake, Tatsuhei, mwalimu wa karate wa miaka sitini na mitatu. Alimrekodi kwa kamera siku tatu, akapata picha kumi na mbili, tangu goti kuinuka hadi mguu kurudi chini. Mzee hakurusha teke hata moja bila kuinama kwanza kumsalimu mpinzani, na kuinama huko Michiyo alikuchora pia.

Kisha bosi wake, Numajiri, akamwita aone toleo la kuchezea nyumbani.

Michiyo alitazama, kinyaa kikampanda kooni. Picha kumi na mbili zilibaki mbili: mguu chini, mguu juu, kama mbwa anayekojoa. Salamu hakuna. Na aliyeshindwa alianguka kwa matako, akalia kama chura.

"Nani kafanya uchafu huu?"

"Nafasi ya kaseti ni ndogo, Michiyo. Ilibidi vitu vitoke."

"Chura mbona kapata nafasi?"

Numajiri akacheka. "Chura anachekesha watoto."

"Nipe wiki mbili nirudishe salamu tu."

"Umechelewa. Zimeshatengenezwa laki mbili."

Jumapili ya kwanza baada ya kaseti kuingia madukani, alipofika kwao alikuta viatu vimejaa mlangoni. Mzee alikuwa amenunua mashine na kaseti, akaalika wanafunzi wake wote.

"Binti yangu huyo! Njoo, ndiyo kwanza tunawasha."

Michiyo alitamani kuchomoa waya. Mzee alicheza, akapigwa, mpiganaji wake akakaa chini na kukoroma kichura. Mwanafunzi mmoja alicheka, akajiziba mdomo.

"Huyo ndiye mimi?" mzee aliuliza.

"Ndiye, baba. Wamekuharibu."

Mzee aliweka kidude cha kuchezea mkekani kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota kitu kilichooza. "Kuanguka si neno. Lakini anampiga mtu hata hajamsalimu! Toeni kitu hiki nyumbani mwangu."

Jumatatu Michiyo aliandika barua ya kuacha kazi. Kaseti ziliuzwa zikaisha, nyingine zikatengenezwa. Yeye alikaa bure miezi minne, kisha akaajiriwa kuchora ramani za treni. Mshahara ulikuwa nusu ya ule wa zamani, lakini sasa chakula kilimshuka bila kinyaa.