Sahani Isiyorudi Tupu

Nouriat alitoka Mutsamudu, kisiwani Nzwani, na kazi moja tu: kwenda Moroni kumleta Mama Mkubwa Bahia arusini. Arusi yenyewe ilikuwa yake Nouriat, na kwao bibi arusi hatolewi mbele ya watu bila dada wa mama yake kumshika mkono. Bahia alimpokea kwake, mtaa wa Magoudjou, kwa mikono miwili, akamlisha, akamsuka nywele, akamtania kwa wembamba wake. Lakini kila arusi ilipotajwa, alikumbuka ana nguo za kuanua.

Kisa kilikuwa sahani. Miaka iliyopita Bahia alimpelekea mdogo wake, mama yake Nouriat, sahani ya ladu, vile vitamu vya mchele na pilipili manga, kwa mkono wa baharia mmoja. Sahani ikarudi tupu, imeoshwa inang'aa. Kwao hilo ni tusi lisilohitaji mdomo. Sahani ya mtu hurudi na chochote, hata ndimu mbili, hata chumvi. Tangu siku hiyo ndugu wale walisalimiana kwa kupitia watu.

Nouriat alijua jambo ambalo Bahia hakulijua, ila mama yake alikuwa amemfunga mdomo. Basi akakaa, akatazama, akangoja.

Jumamosi ile hoteli ya ufukweni ilianza tamasha la chakula na mvinyo, la siku mbili. Walikuja wapishi watatu wa Kizungu ambao picha zao hutoka magazetini kama za waimbaji. Saïndou, mwana wa Bahia, alikuwa mhudumu pale, akawapatia kadi mama yake na Nouriat. Bahia akajifunga shiromani yake nyekundu, ile nguo ya wanawake wa Nzwani, akasema anakwenda kumwona mwanamume anayesifiwa kwa kupika.

Langoni walisimama mamluki wa Kizungu, wale walinzi wa rais, na bunduki zao. Mmoja alipekua mkoba wa Bahia, akakuta tasbihi na karafuu. Bahia alimsubiri amalize, kama mtu anavyosubiri mbuzi apite njia. Ndani mlikuwa na wakubwa na wake zao, na chupa za mvinyo zimelazwa kwenye barafu kama samaki wa sokoni. Saïndou alikwisha kuuliza ni vyungu vipi havikutiwa mvinyo, akawapeleka moja kwa moja kwa mpishi mnene mwenye masharubu, aliyekuwa akipika kamba koche kwa vanila.

Bahia alinong'ona kwamba tangu azaliwe vanila ni kitu cha kuuzwa, si cha kuliwa. Bwana huyu amepika mshahara wa mtu. Mpishi mwenyewe akampakulia. Akaonja. Akala polepole, akakomba mchuzi kwa mkate. Mpishi alimwona, akaweka mkono kifuani, akainama. Bahia naye akainamisha kichwa. Kisha Nouriat akaona sahani ile ya ukingo wa buluu ikiingia chini ya shiromani, wala haikutoka tena.

Walipita mbele ya mamluki. Walipofika barabarani akauliza kulikoni. Bahia alilishangaa swali lenyewe.

“Mtu kanipakulia kwa mkono wake. Nimwachie sahani tupu mezani, kama niliyekula kwa adui?”

Jioni, wawili hao wakiwa wanatwanga mchele na pilipili manga za ladu, Saïndou alirudi amenuna. Sahani moja imepotea, akasema, na msimamizi wao anamtazama yeye. Mama yake alimwambia ale, akalale.

Jumapili Bahia alifika na sahani imejaa ladu, imefunikwa kawa. Askari wa langoni alifunua, akachukua moja. Bahia akamwongeza ya pili. Msimamizi, aliyekuwa akimhoji Saïndou pembeni, aliiona sahani ikipita, akamwachia. Mpishi akatafuna ladu, pilipili ikampanda puani, akacheka huku machozi yakimtoka, akawaita wenzake. Zikaisha pale pale. Kisha akaiosha sahani mwenyewe, akaifuta, akamkabidhi Bahia kwa heshima zote, iwe zawadi yake.

Tupu.

Nouriat alimtazama Bahia usoni, akingoja uso ukunjwe. Haukukunjwa. Bahia alipokea, akashukuru, wakaondoka. Njiani akasema kwa huruma kwamba maskini hakufunzwa, na asiyejua hana kosa.

Nouriat akauliza, “Na asiyekuwa nacho, Mama Mkubwa?”

Bahia akasimama.

“Mwaka ule wa kimbunga,” Nouriat akasema, “baharia alipokuja kuchukua sahani yako, mama alitafuta nyumba nzima. Hapakuwa na ndimu. Hapakuwa na chumvi. Tulikuwa tumeishi kwa ladu zako. Akaosha sahani, akaiosha tena, kama vile kitu kitatokea humo. Kisha akaniapisha nisiseme.”

Bahia alikaa kwenye ukuta wa barabarani, sahani mapajani, akawa anaifuta kwa pindo la shiromani ingawa ilikuwa kavu.

“Mjinga yule,” akasema. “Si angetia jiwe. Mimi ningelielewa jiwe.”

Wiki ya arusi Bahia aliteremka Mutsamudu na sahani ileile, imejaa ladu. Mama yake Nouriat aliipokea mlangoni, akatazama ukingo wa buluu, akauliza imetoka wapi. Bahia akajibu kwamba ni ya mzungu mmoja mpishi hodari, ila malezi hana. Mdogo mtu ndiye aliyeanza kucheka.

Nouriat alikuwa ameketi na hina mbichi mikononi. Alimwona mama yake akizimimina ladu kwenye sinia, kisha akienda jikoni na sahani. Aliporudi ilikuwa imejaa wali na nyama, na juu yake ndimu mbili. Bahia akalalamika kwamba hata viatu hajavua, anarudishiwa sahani ya nini, kwani anafukuzwa?

“Pokea, dada,” mama yake Nouriat akasema. “Safari hii ninacho.”