Kijiwe cha Makapuku

Miran alipoanza kupanga bajeti yake mwenyewe, aligundua kwamba hajawahi kuwamo katika bajeti yoyote.

Alikuwa mtunza hesabu wa kiwanda kidogo cha mwani mjini Gunsan nchini Korea, mwenye diploma ya kazi hiyo, na hesabu za nyumba alizishika tangu aolewe. Mchele ulikuwa na fungu lake. Mafuta ya gari la mumewe, michango ya harusi na misiba, ada ya binti yao Boram mpaka alipomaliza chuo huko Seoul, vyote vilikuwa na mafungu. Pengo la jino la nyuma, lililomfanya atafune upande mmoja tu, halikuwa nalo.

"Fungua bajeti yako, mama," Boram alimwambia alipokuja nyumbani kwa sikukuu ya mavuno. "Siyo ya nyumba. Yako. Ukingoja baba alikumbuke jino lako, utazikwa na pengo."

"Na nikizikwa nalo, litanidai nini?"

"Lete simu."

Boram akamwekea programu inayosoma kila malipo ya kadi na kuyagawa kwenye makapu: chakula, nyumba, mtoto, safari. Akamtengenezea kapu jipya na kuliita Yangu. Akamfungulia pia akaunti ya akiba inayojikatia yenyewe kila wiki, ili mkono usipate nafasi ya kusita. Mwisho akamwingiza kwenye kikundi cha simu kilichoitwa Kijiwe cha Makapuku.

"Humu hakuna anayemjua mwenzake," alisema. "Kila mtu ana jina la bandia. Kabla ya kununua kitu unaomba ruhusa, wenzako wanakukatalia. Mimi nilikaa humo mwaka mzima, nimeshatoka."

"Nani kawapa mamlaka ya kunikatalia mimi?"

"Na wewe utawakatalia, mama. Utakipenda."

Alikipenda kweli. Alijiita Jino la Nyuma, na haukupita muda akawa hakimu wa kuogopwa. Mtu akiomba ruhusa ya kahawa, anamwuliza kama bomba la kwao limekauka. Mtu akiomba teksi, anamwuliza miguu ameiweka rehani wapi. Mmoja aliyejiita Pochi Kavu alikuwa mwenzake wa kukataa, na wawili hao walipokezana kama wapiga ngoma. Kazini, wakati wa chakula cha mchana, Miran alicheka peke yake mpaka wenzake wakadhani ana mpenzi.

Akiba ilipanda. Aliacha kununua soksi za wachuuzi wa mikokoteni zilizomvutia kwa rangi tu. Aligundua kwamba matumizi mengi ni woga wa kuonekana huna, na kwamba kuandika jambo kabla ya kulifanya kunalipunguzia utamu. Daktari wa meno akamwandikia miadi ya majira ya kuchipua.

Kulikuwa na mmoja kijiweni aliyejiita Nusu Tonge. Huyo aliomba ruhusa za vitu vidogo, karibu kila siku.

"Naomba ruhusa, kuku wa kukaanga. Mwezi mzima sijaonja."

"Kuku?" Jino la Nyuma akaandika. "Unaoa? Imekataliwa."

"Naomba ruhusa kuwasha mtambo wa joto chini ya sakafu jioni hii."

"Vaa soksi mbili. Imekataliwa."

Baridi ilipokaza, Nusu Tonge akaomba ruhusa ya dawa ya mafua.

"Chemsha tangawizi," Miran akaandika. "Mafua hayana risiti."

Kijiwe kizima kilicheka. Pochi Kavu akasema maneno hayo yachongwe mlangoni. Nusu Tonge akatuma kikatuni cha sungura anayeinama kwa heshima.

Jumapili moja Miran alimpigia Boram, kama desturi yao.

"Umekula?"

"Nimekula, mama. Nyama."

"Sauti yako nzito."

"Nimetoka kulala."

"Kazini?"

"Kama kawaida. Haya, mama, chaji ya simu inaisha."

Miran alikata simu, akafungua kijiwe. Nusu Tonge alikuwa ametuma picha: kopo kubwa la kimchi, kabichi ya kuchachushwa kwa pilipili, lililobaki maji mekundu tu, limemiminiwa maji ya moto na kukorogwa. "Supu ya jioni," aliandika. "Gharama, sifuri."

Watu walikuwa wanampongeza. Pochi Kavu alimwita bingwa. Miran naye alishaanza kuandika pongezi zake, kidole kikasimama.

Pembeni ya kopo kulikuwa na mfuniko, na kona moja ya mfuniko huo ilikuwa imeyeyuka. Aliuyeyusha Miran mwenyewe, siku alipouweka karibu na jiko. Kishikio cha kopo kilikuwa cha kamba ya kijani ya nyavu, imezungushwa mara mbili na kuachiwa kitanzi cha kupitisha kidole. Hakuna mtu mwingine nchini Korea aliyefunga kopo namna hiyo. Aliitoa kamba ile bandarini, akafunga kopo, akalipakia kwenye basi la Seoul kwa mkono wake, limfikie Boram.

Alirudi nyuma katika mazungumzo ya kijiwe. Alisoma ombi moja baada ya lingine, na chini ya kila ombi jibu lake mwenyewe. Kuku. Joto. Dawa. Alikuwa amefanya hesabu za watu maisha yake yote, na hakuona kwamba hesabu hii ni ya mtu anayekwisha.

Hakupiga simu. Simu ingejibiwa "nimekula". Aliandika kijiweni.

"Naomba ruhusa. Tiketi ya basi kwenda Seoul, na kuku mmoja."

"Imekataliwa," akajibu Pochi Kavu mara moja. "Seoul kuna nini ambacho simu haiwezi? Na kuku tena, wewe?"

"Kuna mtu ana mafua."

Miran alikuwa ameshavaa koti. Alikuwa anafunga buti wakati simu ilipolia.

"Imekubaliwa," Nusu Tonge aliandika.

Chumba cha Boram kilikuwa cha kutosha kitanda na mlango. Miran aliweka sufuria ya kuku aliyemchemsha hapo hapo kwenye jiko dogo la pembeni, na kitunguu saumu na wali laini, akawasha joto la sakafu bila kuuliza. Akamwekea dawa kando ya bakuli. Boram alikula ameinamisha kichwa, pua nyekundu.

"Tangu lini?" Miran aliuliza.

"Mkataba wa kazi uliisha wiki mbili baada ya sikukuu. Sikutaka kugusa akiba ya kodi ya chumba."

"Ulijua ni mimi?"

"Nani mwingine angeandika mafua hayana risiti?"

"Na ulisema umetoka kijiweni."

"Nilitoka. Nikarudi kukuangalia kama unaelewana na watu. Ulikuwa unaelewana nao sana."

"Sasa kwa nini usinipigie, mwanangu? Unaniomba dawa mbele ya watu wasiojulikana?"

Boram alizungusha kijiko kwenye bakuli. "Kwenye simu unauliza nimekula. Nikisema hapana utalia, nikisema ndiyo tunakata. Kule ulikuwa unanitukana, lakini tulikuwa tunazungumza kila siku."

Miran alimnyofolea paja la kuku, akaliweka juu ya wali wake.

"Nisikilize," alisema baadaye. "Bajeti inaanza na chakula. Kinachobaki ndicho akiba. Ukiweka akiba kwa kushinda njaa, umeukopa mwili wako, na mwili haukopeshi bila riba. Kesho tutaipanga upya. Ikibidi, chumba utakiacha, utarudi Gunsan utafute kazi ukiwa umeshiba."

"Na jino?"

"Limezoea kusubiri. Miezi michache zaidi haitaliua."

Simu ya Miran ikatoa mlio. Programu ilikuwa imeona tiketi ya basi na kuku, na ilitaka kujua iviweke kapu gani. Ilipendekeza Mtoto. Miran aliitazama, miwani imeshuka puani, kisha akabonyeza Yangu.

Boram alichungulia. "Mama, umekosea kapu."

"Sijakosea. Kula."